Maswali Yenu: Nani Aliyeanguka Mtini?

Tulipowaalika wasomaji watuandikie kuhusu maisha ya nyumbani walimokulia miaka arobaini, hamsini au sitini iliyopita, tulitegemea kupokea simulizi. Simulizi zilikuja kweli, lakini barua nyingi zaidi zilikuja na maswali, na baadhi yake yalikaribia kuwa mashtaka: kaka anadai hivi, dada anakana vile, mama anarudia kisa kilekile, mzee hataki kufumbua kinywa. Tumechagua maswali sita na kuyafupisha bila kubadili maana, na majina ya walioyaandika tumeyahifadhi.

SWALI: Mimi na kaka yangu tumepishana mwaka mmoja na miezi michache tu. Nakumbuka vizuri kabisa siku nilipoanguka kutoka kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba yetu. Nakumbuka pumzi ilivyonikatika, na baba alivyokuja mbio akanibeba mgongoni huku akinikaripia nisilie. Kaka yangu anasimulia kisa hichohicho, mti uleule na karipio lilelile, ila kwake yeye aliyeanguka ni yeye, na mimi nilikuwa chini nikitazama. Wazazi wetu wote wametangulia mbele ya haki, na hakuna kati yetu aliyebaki na kovu. Sote tumeshapita miaka sitini, na ubishi huu umeanza kuharibu mikutano ya familia. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yangu, yawezekana nyote wawili ni wakweli, kwa maana kwamba hakuna anayesema uongo, na yawezekana wakati huohuo kwamba mmoja wenu hakuanguka. Mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo, ingawa najua si jibu ulilotaka kumpelekea kaka yako.

Kesi yenu si ya kwanza. Mwaka 2001 watafiti Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha uchunguzi uliohusu pacha watu wazima. Walichukua jozi 20, wakawapa maneno ya kawaida moja baada ya jingine, na kila mtu akaombwa kutaja tukio la maisha yake ambalo neno hilo linamkumbusha. Katika jozi 14 lilijitokeza walau tukio moja ambalo kila pacha alidai kwa dhati kwamba lilimpata yeye wala si mwenzake. Watafiti walipoendelea mbele waliona kwamba jambo hili haliwahusu pacha peke yao, kwani huwapata pia ndugu waliokaribiana umri, kama ninyi, na hata marafiki.

Kinacholeta hali hii ni jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Frederic Bartlett, aliyekuwa mwanasaikolojia wa Cambridge, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba mtu anaposimulia upya alichokisikia hakitoi kama kilivyoingia, bali hukijenga tena, akipunguza asichokielewa na kuongeza kinachopatana na yale anayoyajua tayari. Sasa mfikirie mtoto aliyekuwa amesimama chini ya mti siku ile. Mti aliujua, kwa sababu naye alikuwa akiupanda. Sauti ya baba aliisikia kwa masikio yake. Pumzi kukatika aliijua, kwa kuwa hakuna mtoto aliyekua bila kuanguka chali mahali fulani. Alikuwa na vipande vyote vya tukio isipokuwa kimoja, yaani nani alikuwa mgongoni mwa baba, na hicho kikibadilika hakuna kingine katika simulizi kinacholazimika kubadilika pamoja nacho. Ongeza hapo miaka ya kusikia kisa kikisimuliwa mbele ya wageni, naye akikiona akilini kila kinaposimuliwa, na kazi imekwisha.

Najua utaniambia kwamba unaliona tukio hilo kama jana. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza akili za watoto, naye aliliona lake kama jana. Alikumbuka akiwa ameketi katika kigari cha mtoto kwenye barabara ya Champs-Élysées jijini Paris, mtu akijaribu kumteka, na yaya wake akipambana na mtu huyo hadi akapata mikwaruzo usoni. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, yaya huyo aliwaandikia wazazi wake kukiri kwamba kisa kizima alikibuni, akarudisha na saa aliyozawadiwa kwa ushujaa wake. Piaget alihitimisha kwamba alikisikia kisa hicho alipokuwa mdogo, akakigeuza kuwa kitu alichokiona.

Hata uhakika wa mtu mzima hautoshi kuwa ushahidi. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wao karatasi asubuhi iliyofuata ili waandike walivyoipata habari hiyo. Walipowauliza tena zaidi ya miaka miwili baadaye, wengi walikuwa na simulizi tofauti, na karibu robo yao walikosea kila kitu cha msingi, huku wakijiamini sana. Walipoonyeshwa maandishi ya mikono yao wenyewe, baadhi walikiri kwamba mwandiko ni wao lakini wakaendelea kushikilia kumbukumbu mpya. Ikiwa mwandiko wa mtu mwenyewe haumshawishi, sioni ni kwa nini wewe utarajie kumshawishi kaka yako kwa kupaza sauti.

Ningependekeza kila mmoja wenu akae peke yake na kuandika anachokumbuka, bila kumwonyesha mwenzake, pamoja na kilichotangulia na kilichofuata: mlikuwa mmetumwa wapi, nani mwingine alikuwepo, siku iliyofuata mlikwenda shuleni au hamkwenda. Kumbukumbu ya kuazima mara nyingi huwa na kilele kizuri lakini haina asubuhi wala jioni. Si kipimo cha uhakika, ila husaidia. Kisha mtafuteni binamu au jirani wa zamani ambaye hakukaa akisikiliza ubishi wenu, na mwulizeni tu, “Unakumbuka nini kuhusu ule mti?” Mkimwuliza, “Ni mimi niliyeanguka, sivyo?” mtakuwa mmeshampa jibu.

Shahidi akikosekana, andikeni simulizi zote mbili katika daftari la familia, kila moja na jina la mwenyewe na tarehe iliyoandikwa. Wajukuu wataweza kuishi na mti uliomwangusha mtu mmoja katika watu wawili. Tena, katika barua yako kuna jambo mnalokubaliana nyote, nanyi mmelipita kwa haraka mkikimbilia ubishi: baba alikuja mbio, akabeba mtoto wake mgongoni, na hofu yake ikatoka kama karipio. Mimi ningeanzia hapo.

SWALI: Nakumbuka nikiwa na miezi minane, nimelala kitandani kwa mama, jua likipenya katikati ya pazia la kijani. Mume wangu hunicheka kila nikilisema jambo hili. Je, haiwezekani?

JIBU: Dada, mumeo ana sayansi upande wake, lakini kucheka hakuna sababu, kwa kuwa mko wengi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa zaidi ya watu 6,600 waliosimulia kumbukumbu yao ya kwanza kabisa, na karibu wanne katika kila kumi walitaja tukio la umri wa miaka miwili au chini ya hapo. Tafiti nyingine nyingi, kwa upande wake, zinaonyesha kwamba kumbukumbu ya kwanza ya mtu mzima kwa kawaida hutoka katika umri wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu. Watafiti wa mwaka 2018 walifikiri kwamba nyingi ya zile za mapema mno zimejengwa kutokana na picha za zamani, mazungumzo ya wakubwa na hisia zilizobaki, vikaungana polepole hadi mwenyewe asiweze tena kuona mshono.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba watoto wadogo hawakosi kumbukumbu; wanazo, kisha zinapotea. Patricia Bauer na Marina Larkina waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao kuhusu mambo yaliyowapata, halafu wakawauliza tena miaka kadhaa baadaye. Waliokuwa wamefika umri wa miaka mitano hadi saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio hayo, lakini waliofika minane au tisa walikumbuka chini ya asilimia 40. Maana yake ni kwamba usahaulifu wa utotoni hautungoji hadi uzeeni. Unafanya kazi wakati mtoto angali katika shule ya msingi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Huko New Zealand, Gabrielle Simcock na Harlene Hayne waliwachezesha watoto wa miaka miwili hadi mitatu kwa mashine ya kubuni iliyoonekana kama inapunguza ukubwa wa vitu vya kuchezea. Miezi sita au mwaka mmoja baadaye, watoto walipoeleza mchezo huo, hawakutumia hata neno moja ambalo hawakuwa nalo siku ya mchezo, ingawa kufikia wakati huo walikuwa wamejifunza maneno mengi. Na katika ubongo kuna eneo liitwalo hipokampasi, lenye kazi kubwa katika kuunganisha vipande vya tukio, ambalo kwa mtoto mchanga bado linajengeka kwa kasi. Majaribio yaliyofanywa Toronto kwa panya na wanyama wengine wagugunaji, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kuzaliwa kwa wingi kwa seli mpya za neva katika eneo hilo huchangia kufuta kumbukumbu za awali.

Kwa hiyo sidhani kwamba unalikumbuka pazia la umri wa miezi minane. Lakini pazia lenyewe huenda lilikuwepo, nawe ukaliona tena ulipokuwa na miaka mitatu au minne, katika chumba hichohicho na jua hilohilo, na umri wa miezi minane ukaongezwa baadaye na mtu aliyekuwa akihesabu. Waulize waliokuwepo pazia hilo liliondolewa lini.

SWALI: Mama yangu ana miaka 84. Ujana wake anausimulia kwa utamu wa ajabu, majina na yote, lakini mwaka aliokuwa na miaka 50 hauelezi hata kidogo, na kisa kimoja anaweza kukirudia mara mbili kwa siku. Je, ni uzee tu au niogope?

JIBU: Umechanganya mambo matatu, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza, kukumbuka ujana kuliko umri wa kati, ni la kawaida kwa watu wazima wenye afya njema. David Rubin na wenzake walilieleza mwaka 1986: ukiwaomba watu waliopita umri wa kati wataje matukio ya maisha yao, kumbukumbu hujaa isivyo kawaida katika kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Ndicho kipindi cha mambo ya mara ya kwanza, kama vile kuondoka nyumbani, kazi, mapenzi, ndoa na mtoto wa kwanza. Mwaka wa 50 wa mama yako pengine ulifanana mno na wa 49.

La pili, hamu yenyewe ya kusimulia, nayo si ugonjwa. Zamani ilidhaniwa kuwa mzee anayerudi nyuma kimawazo ameanza kupotea, hadi daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alipoandika mwaka 1963 kwamba huko ni kuyapitia maisha upya, ni kazi ambayo akili huifanya inapoona safari inakaribia mwisho, na ni kazi inayostahili msikilizaji.

La tatu ndilo la kutazama. Tangu Théodule Ribot alipoandika mwaka 1881, inajulikana kwamba magonjwa ya kumbukumbu huanza kula mambo mapya na kuyaacha ya zamani kwa muda mrefu. Kwa hiyo ujana wake kuwa wazi si dalili ya ugonjwa, lakini pia hautakuhakikishia kwamba hana ugonjwa. Ukiona anarudia kisa bila kujua kabisa kwamba amekwisha kukisema, anapotea njia anazozizoea, anashindwa hesabu au shughuli alizokuwa akizimudu, au mabadiliko yamekuja kwa kasi, mpeleke kwa daktari bila kungoja. Baadhi ya sababu zake, kama vile dawa zinazogongana, maambukizi, upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo, zinatibika.

SWALI: Baba yangu si mtu wa maneno. Nimemwekea simu mbele yake nirekodi, nikamwambia, “Baba, tueleze maisha yako,” akasema, “Tuliishi tu,” akanyamaza. Ana miaka 79. Nifanyeje kabla hatujachelewa?

JIBU: Amekujibu sawasawa na ulivyomwuliza. Swali kubwa namna hiyo lingemshinda hata msemaji hodari, kwa sababu linamtaka achague, apange na kufupisha miaka 79 papo hapo, mbele ya kifaa.

Watu wanaofanya kazi hii kitaaluma, tangu Allan Nevins alipoanzisha ofisi ya historia simulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948, wamejifunza kuanza na kitu kidogo kinachoshikika. Njia ninayoipenda kuliko zote haihitaji chochote zaidi ya karatasi na penseli. Mwombe baba akuchoree ramani ya nyumba aliyolelewa. Usimwambie ni kwa ajili ya historia. Mwambie tu hujawahi kuelewa ilivyokaa. Atachora mstatili, kisha atasita penye mlango, kwa kuwa lazima aamue ulikuwa upande gani, na hapo akili yake itakuwa imeshaingia ndani. Mwulize mlango ulifungukia nje au ndani. Mwulize nani alilala wapi, na nani alilala karibu na nani, na taa ilikaa wapi, na yupi alikuwa akiizima. Atafuta ukuta na kuuchora tena. Ukifika kwenye chumba cha wazazi, mwulize kama watoto waliruhusiwa kuingia, na ukimya wake wa hapo utakuwa na mengi kuliko ule wa “tuliishi tu.” Nimewaona wazee wasiosema kitu wakigombana na penseli kwa saa nzima, wakieleza kila mstari.

Ramani ikiisha, fuata vitu. Shati la kwanza alilonunuliwa akalichagua mwenyewe. Adhabu aliyoiona si ya haki. Njia ya kwenda shuleni na mahali alipokuwa akiogopa kupita. Ukiweza, mpe kitu mkononi, chombo cha zamani au nguo ya marehemu mama yake, kisha mwachie anuse. Utafiti wa Johan Willander na Maria Larsson huko Sweden, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapa wazee harufu, maneno na picha, na kumbukumbu zilizoamshwa na harufu zilitoka zaidi katika miaka kumi ya kwanza ya maisha, wakati zile za maneno na picha zilitoka zaidi katika ujana.

Maswali yako yasiwe na jibu ndani yake. Katika jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974, watu walitazama filamu ya magari yakigongana. Walioulizwa kwa neno lenye nguvu, kwamba magari “yalipondana,” walikadiria mwendo mkubwa zaidi, na wiki moja baadaye walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwepo. Ukimwuliza mzee, “Babu alikuwa mkali sana, eti?” utaondoka na babu mkali, uliyempeleka mwenyewe. Mwulize babu alikuwa akifanya nini akirudi nyumbani jioni.

Simu usiifiche, maana kumrekodi mzazi kwa siri ni kumkosea heshima, lakini iweke kando, kioo chini. Jitahidi muwe wawili tu, wewe na yeye, kwa sababu wadogo zako watamsahihisha. Akinyamaza, nawe nyamaza. Wengi wetu huharibu mazungumzo mazuri kwa kuwahi kujaza kimya ambacho mzee alikuwa akikitumia kukumbuka. Na akichoka, acha, mtarudi siku nyingine.

Kama una watoto, watakaposikia rekodi hizo watapata kitu. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory waliandaa maswali 20 ya kumpima mtoto anavyoijua historia ya familia yake, kwa mfano wazazi walikutana wapi na bibi na babu walikulia wapi. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi walielekea kujithamini zaidi na kujiona wana uwezo juu ya maisha yao. Duke mwenyewe ametahadharisha kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakutaleta matokeo hayo. Familia zinazosimuliana ni familia zinazokaa pamoja, na huenda faida inatoka huko.

SWALI: Naandika kumbukumbu za utoto wetu. Baba alitupiga sana, wakati mwingine bila kosa. Dada zangu wawili wananikataza kuliandika hilo, mmoja kwa kusema ni kumvunjia heshima marehemu, mwingine kwa kusema halikutokea hivyo. Nifuate la nani?

JIBU: Liandike, ila utofautishe kuandika na kusambaza, kwa sababu dada zako wanaogopa la pili na wewe unalihitaji la kwanza.

Kuhusu kuandika kwa ajili yako mwenyewe, huhitaji ruhusa. James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio mwaka 1986 ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu machungu yao, tukio pamoja na hisia zake, walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda hospitali mara chache kuliko wale walioandika mambo ya kawaida. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo makubwa kila mara, na kama ukiandika unazidiwa na usiku hulali, tafuta mshauri badala ya kuendelea peke yako.

Kuhusu dada anayesema halikutokea hivyo, usimdhanie kuwa anaficha. Watoto wa nyumba moja hawakulelewa na baba yuleyule. Kifungua mimba alimpata baba kijana, mwenye hofu na asiye na uzoefu. Kitinda mimba alimpata mtu aliyechoka na kulainika. Na kama kulikuwa na aliyekuwa kipenzi, yeye aliona nyumba nyingine kabisa. Jambo ambalo mpigwaji halisahau, mtu wa chumba cha pili anaweza kulisikia mara moja tu na kulisahau kabla ya kulala. Andika “mimi nilipigwa,” usiandike “sisi tulipigwa,” mpaka dada zako waseme wenyewe. Badiliko hilo dogo litaondoa nusu ya ugomvi, na pia litayafanya maandishi yako yawe ya kweli zaidi.

Kuhusu heshima ya marehemu, natofautiana na dada yako wa kwanza kwa adabu zote. Kumwandika mtu kwa ukamilifu wake, fimbo zake pamoja na usiku aliokesha ukiwa mgonjwa, si kumdhalilisha. Kinachodhalilisha ni kumwandika ili ashindwe kesi asiyoweza kujitetea. Kabla ya kuyatoa maandishi nje ya nyumba, wape dada zako wayasome, uwape nafasi ya kuongeza simulizi zao kwa majina yao, na uondoe yale yanayowahusu wao kuliko yanavyokuhusu wewe. Neno la mwisho juu ya yaliyokupata wewe libaki lako.

SWALI: Nimerithi albamu ya zamani ambayo picha zimeganda kwenye kurasa zenye gundi, na kaseti tatu zenye sauti ya bibi. Nianze na nini?

JIBU: Anza na kaseti. Zimetengenezwa kwa utepe wa sumaku, teknolojia ambayo kampuni ya Philips iliizindua mwaka 1963, na kila mwaka unaopita utepe unazeeka na mashine za kuuchezesha zinapungua. Kabla hujaziweka kwenye mashine yoyote, tazama ukingo wa juu wa kila kaseti, ule ulio mkabala na mahali utepe unapoonekana, utaona vijipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunje. Vikishavunjwa, mashine ya kawaida haitakubali kurekodi juu ya sauti ya bibi, hata mtu akibonyeza kwa bahati mbaya. Usijaribu mashine yako kwa kaseti hizo. Ijaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali, uone kama haitafuni utepe. Kisha hamishia sauti kwenye kompyuta kwa waya, badala ya kuweka simu mbele ya spika, na utunze nakala katika sehemu mbili tofauti.

Picha usizivute. Zipige kwanza au uziskani zikiwa hapohapo kwenye ukurasa, ili lolote likitokea uwe na nakala. Baada ya hapo pitisha polepole uzi wa kusafishia meno usio na dawa wala ladha kati ya picha na karatasi, ukianzia kwenye kona, na penye ugumu uache. Ukurasa unaweza kukatwa na kutunzwa mzima. Nyuma ya zile zitakazotoka, andika kwa penseli laini, ukingoni na bila kukandamiza, majina ya waliomo kuanzia kushoto, na jina la aliyekutajia majina hayo. Kama karatasi ni ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha kabla hujaitia picha ndani.